Mtakatifu Evandro Mtupa-Ngao wa Drimo

Alizaliwa mwaka wa 274 huko Drimo, mji wa milimani katika Lakonia, mwana wa Lisipo mhunzi wa ngao. Tangu utotoni baba yake alimfundisha kwamba ngao haimkingi aliyeibeba tu, humkinga pia jirani wa kushoto kwake. Ndiyo maana Wagiriki walimwita mwoga ripsaspi, yaani mtupa ngao. Aliyepoteza upanga alichekwa yakaisha. Aliyepoteza ngao hakusamehewa. Evandro alibatizwa akiwa na miaka ishirini, tayari askari, wala hakuona haya kusali mbele ya wenzake.

Mwaka wa 301 majambazi walimvamia Evandro na askari wenzake bondeni. Timarko, jirani yake wa kushoto, akaanguka amechomwa mkuki pajani. Evandro akatupa ngao, akambeba mgongoni mwendo wa nusu siku hadi mjini. Barazani wazee wakauliza ngao iko wapi. Evandro akamtazama Timarko aseme. Timarko akaona aibu kukiri kwamba alibebwa kama mtoto. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Basi kwa desturi ya Drimo, Evandro akanyolewa ndevu upande mmoja na kuamriwa abaki hivyo maisha yake yote. Kila asubuhi alijinyoa mwenyewe, bila kinyongo.

“Nusu-Ndevu, leo umeacha nini njiani? Viatu?” wanawake wa sokoni walimtania.

“Viatu ninavyo, mama. Nipimie zeituni.”

Mwaka wa 304 ikaja amri ya kufukizia miungu ubani. Kamanda wake, aliyempenda, akamsihi mbele ya watu wote: “Evandro ndugu yangu, tia punje moja tu. Utafuga ndevu zako zote, na lile jina nitalifuta mimi.”

Evandro alilitamani sana jina lake la zamani, hata akalia. Kisha akasema, “Ngao niliitupa ili nimshike mtu. Kristo nikimtupa, nitamshika nani?”

Akakatwa kichwa papo hapo. Ndipo Timarko akajitokeza akichechemea, wembe mkononi. “Mgongo ule ulinibeba mimi,” alisema. “Mwoga wa Drimo ndiye huyu hapa.” Akajinyoa ndevu upande mmoja.

Husimuliwa kwamba waliobeba mwili wa Evandro kwenda kuuzika hawakuhisi uzito wowote. Hadi leo, siku ya sikukuu yake, wanaume wa Drimo huingia kanisani wakiwa na nusu ya ndevu, vichwa juu, nasi tunajivunia kuwaona. Anayetaka kumwiga Evandro, na amtazame kwanza jirani wa kushoto kwake.