Mashine ya Heru Juu Yaposwa

Yusta ana mdomo. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana ni jirani yangu na chumvi yake nimeila. Kwenye kampeni zilizopita, yeye akiwa katibu wa tawi la chama, alipanda kila kilima cha Heru Juu na ilani mkononi akitutangazia kwamba mali ya umma iliyolala wapewe watu binafsi waiamshe, viwanda vitachipuka na ajira zitatufuata mlangoni. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa sababu alikuwa amesimama uani kwangu na sikuwa na pa kukimbilia.

Basi sera ikafika kweli. Ikaanzia kwenye mashine ya kusaga ya kijiji, ambayo Yusta mwenyewe ameiendesha tangu usichana wake.

Mashine ile ilikuwa imechoka, hilo si siri. Ikisaga wiki moja inapumzika mbili, na sisi tunabeba makopa ya muhogo kichwani hadi Kasulu mjini. Badru, mfanyabiashara wa huko mjini, akaomba kuinunua. Serikali ya kijiji ikaitisha mkutano wa wanakijiji waamue, na wa kutueleza uzuri wa jambo lenyewe akateuliwa Yusta. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Siku ya kuamkia mkutano nilimkuta akiifuta mashine kwa kanga kuukuu.

"Mwakeye, dada," nikamsalimu kwa Kiha. "Kesho utasema nini?"

"Nitasema nilichokuwa nasema," akajibu. "Nikigeuka kwa sababu yamenifika mimi, watu watanionaje? Ila Badru atakuja na vijana wake wa kuiendesha. Mimi nitarudi kulima maharage, na mgongo wenyewe ndio huu."

Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimcheka kidogo pia.

Mkutanoni alisoma sera yote bila kuruka mstari. Alipomaliza hakuketi. Alimgeukia Badru, aliyekaa mbele na kanzu yake safi.

"Ndugu Badru, sera imekuruhusu kuja. Lakini huku kwetu Buha anayetaka binti haendi kumlipia akambeba. Anaposa. Baba zetu walibeba mawe ya msingi wa nyumba ya mashine hii. Hatuuzi. Tunaozesha."

Watu wakacheka. Badru naye akacheka, kisha akaona Yusta hacheki.

"Taja masharti, shangazi," akasema taratibu.

Hapo mkutano ukageuka ukoo. Mzee Anatoli akadai binti asihamishiwe mjini, aolewe papa hapa. Josepha akadai mama aliyejifungua aendelee kusagiwa kwanza bila kupanga foleni. Mimi nikadai, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba mume akimtesa, akamwacha ashikwe na kutu, binti anarudi kwao.

"Basi huko si kununua, ni kukodi," Badru akasema.

"Ita unavyotaka," Yusta akamjibu. "Sera inataka mtu binafsi, na mtu binafsi ni wewe."

Badru akayakubali yote. Yusta hakudai lake. Mwanamke aliyesema vilima vizima akashindwa kujisemea neno moja. Nilikasirika kwa niaba yake, nikainua mkono, lakini Badru alinitangulia.

"Na mimi nina sharti. Jana nilikuja kuisikiliza mashine hii. Kuna wakati inanguruma, kuna wakati inalia. Mimi mgeni nitajuaje inalia nini? Binti atoke na mtu wa kwao wa kukaa naye. Bila mtu huyo, sioi."

Vichwa vyote vikamgeukia Yusta. Akaketi, akajifunika uso kwa kanga ile ile yenye mafuta, akalia mbele ya kijiji kizima.

Siku hizi mashine ina mkanda mpya na inasaga kila siku. Sijabeba kopa hadi Kasulu tangu hapo, na shingo yangu inashukuru. Yusta bado anapanda vilima na ilani yake. Akifika kwenye ubinafsishaji huongeza maneno ambayo chama hakikuyaandika: "Lakini akija, muulizeni kwanza kama amekuja kuposa."