Maini ya Ukweni

Jamani, leo nimeumbuka!

Nilikuwa Kamsamba, nikimtafsiria Mzungu daktari wa mifugo. Alikuwa amepima damu ya ng'ombe aliyekufa jana kwa baba mkwe wangu. Kimeta.

"Kinaua hata watu," akasema kwa Kiswahili. "Waulize nani amekula nyama. Wote karantini."

Nikawatafsiria wenyeji kwa Kinamwanga chao.

Baba mkwe akanijibu, "Mkwe, mwambie tumekula mimi na wewe. Maini yote ulimaliza wewe."

Ya ukweni ningeyakataaje?

"Amesemaje?" Mzungu akauliza.

Nyie mngesemaje?

"Anasema hajui."

Kumbe mzee aliwahi kuwa askari! Akasema yote kwa Kiswahili kilichonyooka.

Sasa mimi na mzee tumefungiwa chumba kimoja. Kila nikishika tumbo, ananiuliza, "Limesemaje?"