Mwalimu Elkana Aacha Kuomba Peke Yake

Saa nane mchana, Jumamosi ya Juni 1948. Changamwe inatokota kwa jua, lakini Mwalimu Elkana Thoya hatembei, anakimbia. Daftari amelibana kwapani, shati limemganda mgongoni. Anabisha mlango wa tano katika nyumba za walimu.

"Hodi humu! Leo sikuja kuazima kitabu. Nataka sahihi yako!"

Kufikia alasiri, walimu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne wa chuo cha ualimu anachofundisha wamejiandikisha katika chama cha wafanyakazi. Elkana anahesabu majina mara mbili, kisha anaangua kicheko.

Miezi minne iliyopita, angekuwa wa kwanza kukataa.

"Nilidhani chama ni cha makuli wa bandarini," asema. "Sisi wa chaki na tai, chama cha nini? Kumbe tai haimzuii mtu kufukuzwa."

Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Ribe. Hufundisha vipindi thelathini na sita kwa juma, kwa mshahara wa shilingi themanini kwa mwezi. Nyumba ni ya chuo. Kazi ikiondoka, na paa limeondoka.

Mwezi wa Machi, mwenzake Yeslam, mwalimu wa Kiswahili, alikwenda Kisauni kumzika mamake, akakaa matangani siku tatu. Aliporudi alikuta barua ya mistari miwili: kazi hana, na nyumba aihame kesho yake.

Elkana alikwenda peke yake kumwombea kwa mkuu wa chuo.

"Aliniuliza, 'Nawe wataka kumfuata?'" Sauti yake inashuka. "Nikarudi darasani. Yeslam akapita dirishani na godoro kichwani, nami nafundisha kugawanya."

Mwezi wa Mei ikawa zamu ya mpishi, Mzee Ruwa. Alifukuzwa kwa kumjibu msimamizi. Lakini wapishi na wafagiaji walikuwa wamejiunga na chama tangu mgomo mkubwa wa mwaka uliotangulia. Kulipokucha, hakuna aliyewasha moto. Katibu wa chama alivuka kutoka kisiwani Mombasa, akaingia ofisini kwa mkuu. Adhuhuri Mzee Ruwa alikuwa jikoni akisonga sima, na wanafunzi wanashangilia.

Jioni hiyo Elkana alimfuata. "Mzee wangu, mliwezaje?"

"Mwalimu," Ruwa alimjibu, "elimu unayo tele. Usicho nacho ni wenzio."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa mbio mlango kwa mlango. Na Jumatatu iliyofuata, walimu wote kumi na mmoja waliingia ofisini kwa mkuu pamoja na katibu. Mkuu alitafuta pa kuwakalisha, akakosa. Baada ya saa nzima akakubali: Alhamisi kesi ya Yeslam itasikilizwa upya, na chama kitakuwapo.

"Wallahi, nilipoambiwa sikuamini," asema Yeslam, ambaye sasa anaishi kwa dadake Kisauni. "Hata wasiponirudisha, leo sikulia peke yangu."

Elkana keshapanga safari za kuandikisha walimu wa shule za Likoni na Kisauni. Na macho yake yako mbali zaidi.

"Leo vijana wetu wakitaka chuo kikuu huenda hadi Makerere," asema, akiinuka kitini. "Iko siku kitajengwa hapa kwetu pwani. Nataka mwalimu wake wa kwanza, siku atakapofungua mlango wa darasa, akute chama kinamngoja."