Pale Neno la Mashine Linapoishia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Ofisi ilikuwa Shinyanga mjini, ghorofa ya juu ya ghala la mbegu za pamba, na nilisimama chini ya ngazi nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kolandoto, ambako baba alifuga ng'ombe na mama alifua mashuka ya hospitali. Kazi ya kuandika programu za kompyuta hakuna aliyeielewa pale kwetu. Mama aliwaambia majirani kwamba nimeajiriwa kupiga taipu, na mimi sikumsahihisha.

Mkuu wa Kitengo cha Programu alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mwenye sauti ya chini na Kiswahili laini kilichonifanya nikionee aibu changu, ambacho Kisukuma kilikuwa kinachungulia kila baada ya maneno mawili. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, kisha badala ya kunionyesha kiti akaniuliza namba zinaishia wapi. Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni, kwamba haziishi.

"Darasani haziishi," alisema, akagonga kompyuta kwa kifundo cha kidole. "Humu ndani zinaishia pale neno la mashine linapoishia. Ukilisahau hilo, atakayeumia si wewe. Ni mtu mwingine kabisa."

Niwaeleze vijana mnaosoma leo. Neno la mashine ni kiasi cha biti ambacho prosesa, yaani kichwa cha kompyuta, hubeba kwa mkupuo mmoja. Biti ni sifuri au moja, basi. Mashine zetu zilikuwa za biti thelathini na mbili. Lugha tuliyoandikia ilikuwa ya kifanksheni: programu nzima unaijenga kwa fanksheni kama zile za hesabu, unaipa thamani, inakurudishia thamani, bila kuchokonoa vitu vya jirani njiani. Alama ya lugha hiyo ni ngamia, kwa hiyo ofisini tuliiita Ngamia. Ngamia alikuwa anachukua biti moja katika kila namba ya kawaida na kuifanya alama yake mwenyewe, ili ajue kwamba hii ni namba na ile ni anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Zilizobaki kwa ajili yako ni thelathini na moja.

Ukizihitaji zote, ilikuwepo aina ya pili, namba ya neno kamili. Lakini hiyo haikukubali alama ya kawaida ya kujumlisha wala ya kutoa. Ilibidi uite fanksheni zake kwa majina, mstari mrefu kwa jambo dogo, na mara nyingi ilikwenda polepole zaidi. Wengi wetu tuliikwepa.

Nilikaa miaka minne katika ofisi ile, nikiandika programu za mizani ya pamba na pampu za maji. Bado naikumbuka harufu ya mbegu ikipanda kupitia mbao za sakafu. Kila Ijumaa Mkuu wa Kitengo alichapisha kazi zetu kwenye karatasi na kuzisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, sisi tukinywa chai na kula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo yeye mtu wa pwani alivipenda kutushinda wenyeji. Akifika kwenye kosa hakulitaja. Alinyamaza tu, na aliyeandika alijua ni lake. Sijapata tena mahali pa kazi ambapo kimya cha mtu mmoja kilinifundisha kiasi kile.

Halafu nikapelekwa upande wa Geita, kwenye mgodi mdogo wa wazi ambao siku hizi umefungwa. Kazi yangu ilikuwa programu ya kuuchunga ukuta. Mgodi wa wazi ni shimo pana lenye kuta za mwamba, na mwamba hutembea, milimita kwa milimita, kabla ya kuporomoka. Vihisi vilivyofungwa ukutani vilituma vipimo, kila kipimo na saa yake, na saa hiyo ilihesabiwa kwa milisekunde tangu vihisi vilipowashwa. Programu yangu ilichora mstari kwenye skrini. Mstari ukipanda, ukuta unatembea. Kwa kuwa vipimo vingine vilichelewa njiani, niliweka sharti: kipimo chenye saa ndogo kuliko cha mwisho kilichopokelewa kitupwe, kwa maana kimepitwa na wakati. Nikatumia namba za kawaida. Mkuu wa Kitengo alikuja kwa basi kutoka Shinyanga, akaisoma karatasi yote, akatia sahihi.

Kwa miezi mingi ilifanya kazi vizuri. Kila Jumapili jenereta ilizimwa kwa matengenezo na vihisi vikaanza kuhesabu upya. Kisha ikaletwa jenereta mpya isiyohitaji kuzimwa kila wiki, na mimi nilifurahi kama wengine wote.

Pale mgodini alikuwepo Mzee Masanja, mwangalizi wa ukuta. Kabla ya mgodi kumwajiri alikuwa amechimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, tangu ujana wake, na kazi yake sasa ilikuwa kukaa kwenye kiti ukingoni na kuutazama mwamba. Baadhi ya wahandisi waliona mashine imekwisha kuchukua nafasi yake. Yeye aliendelea kutazama.

Asubuhi moja alipanda hadi ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Msimamizi wa Shimo alikuwa amesimama kando yangu akinywa uji. Mzee Masanja alisema vijiwe vinadondoka upande wa mashariki tangu alfajiri, na kuna ufa ambao jana haukuwepo. Msimamizi akamwonyesha skrini. Mstari ulikuwa umelala, umenyooka kama uzi. Akamweleza kwa heshima kwamba vijiwe hudondoka kila siku na kwamba zamu ya watu kumi na moja iko chini inapakia mawe. Mzee Masanja hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Mayu," alisema, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "hii mashine yako imeuona ukuta mara ya mwisho lini?"

Nilitaka kumjibu kwamba inauona kila dakika. Nikafungua orodha ya vipimo ili nimwonyeshe. Kipimo cha mwisho kilichopokelewa kilikuwa cha jana yake, saa moja jioni. Baada ya hapo vihisi vilikuwa vimetuma mamia, na vyote vilikuwa vimetupwa. Saa zao zilikuwa na alama ya kutoa mbele.

Nikaelewa palepale. Kwa biti thelathini na moja, milisekunde hujaa baada ya siku kumi na mbili na saa kumi na robo, na jenereta ya zamani haikuwahi kuziacha zifike huko. Namba ikijaa haisimami wala hailalamiki. Inageuka hasi, hasi kubwa kuliko zote. Tangu jana programu yangu iliona kila kipimo kipya kuwa cha zamani, ikakitupa, na kuendelea kuchora ule mstari wa mwisho uliotulia.

Nilimwambia Msimamizi awatoe watu. Aliuliza kama nina hakika ukuta unaanguka.

"Sina," nikamjibu. "Nina hakika kwamba sijui. Programu ni yangu, kosa ni langu, na haijautazama ukuta tangu jana. Mzee ameutazama."

Alitutazama kwa zamu. Kusimamisha upakiaji kwa neno la mwanamke wa kompyuta na mzee wa kiti halikuwa jambo dogo kwake, na najua alilifikiria. Kisha akaweka kikombe chini, akachukua redio na kuagiza zamu ipande juu. Mwendesha ekskaveta, ile mashine kubwa ya kuchimba na kupakia mawe, ndiye aliyetoka wa mwisho, kwa miguu, akinung'unika.

Ukuta wa mashariki uliporomoka kabla ya adhana ya adhuhuri. Vumbi jekundu lilipotulia, ekskaveta haikuonekana. Watu wote kumi na moja walikuwa wamesimama ukingoni. Mzee Masanja aliwahesabu kwa kidole, akasema "wabeja", ahsante, bila kusema anamshukuru nani, akarudi kwenye kiti chake.

Mimi niliirekebisha programu siku mbili zilizofuata. Msidhani ugonjwa ulikuwa udogo wa namba peke yake. Neno kamili lingetupa siku nyingine kumi na mbili tu kabla ya aibu ileile. Dawa ilikuwa kuacha kulinganisha saa mbili moja kwa moja: unatoa kwanza moja katika nyingine, kwa namba ya neno kamili inayolingana na ile ya kihisi, kisha unaangalia jibu ni chanya au hasi. Namba hata ikigeuka, tofauti hubaki sahihi. Ni mistari minne.

Nilikwenda Shinyanga na barua ya kuacha kazi mkononi. Mkuu wa Kitengo hakuifungua. Aliniambia kwamba ripoti yake imeshatumwa, na ndani yake ameandika kuwa aliyekagua na kutia sahihi ndiye mwenye kosa. Nilibisha. Nilimwambia yeye ndiye aliyenionya siku ya kwanza.

"Kuonya si kukagua," alisema. "Niliusoma mstari ule kwa sauti. Mahali pa kunyamaza, sikunyamaza."

Wakubwa zake walimvua ukuu mwezi uleule. Alihamia Runzewe, akafungua duka la kuchapa barua na kutengeneza redio, na nilimtembelea kila mwaka hadi alipofariki. Hakuwahi kulirudia jambo lile. Aliniuliza habari za watoto, na kama bado nasoma kazi za wengine kwa sauti. Nilimjibu ndiyo, na ilikuwa kweli, maana nilipewa kitengo chake na nikakiongoza hadi nilipostaafu.

Siku hizi mashine zina biti sitini na nne, na namba ambayo kwetu ilijaa kwa siku kumi na mbili haitajaa katika umri wa mjukuu wenu. Vijana wananiambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Huenda. Programu zangu zote zimezimwa, hakuna hata moja inayofanya kazi popote, na shimo lile limejaa maji ya mvua.

Lakini Jumamosi nikienda sokoni Shinyanga hununua mchele kwa mwanaume mmoja mwenye mvi, mcheshi, ambaye huniita Mama Kulwa na kuniongezea kibaba. Ndiye aliyekuwa anaendesha ekskaveta. Hajui kwamba programu ile ilikuwa yangu, maana mgodini hakuwahi kuingia ofisini kwetu. Mara nyingi nimetaka kumwambia kwamba nilikaribia kumuua, na mara nyingi nimetaka kumwambia kwamba nilisaidia kumtoa. Sijaweza kulisema moja bila la pili. Hivyo namuuliza habari za wajukuu, ananitajia mmoja mmoja, wote saba, nami nasikiliza mpaka amalize.