Historia ya Yaya Ngoie

Kwenye matanga ya watu wa Katanga, mazishi hayafanyiki kabla mtu wa familia hajasimama kusema historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ugonjwa ulimwanza vipi. Mwaka 2016, kwenye ukumbi wa Evere, Ubelgiji, jambo hilo lilimwangukia Sidonie, mdogo wake Ngoie, aliyezoea kumwita Yaya, yaani dada mkubwa. Kuzaliwa alikujua. Ugonjwa pia, maana ni yeye aliyekaa naye hospitalini Woluwe mpaka Mungu alipomchukua. Kazi ndiyo iliyomshinda.

"Sema tu alikuwa anapanda juu angani," Pasta Bertin alimwambia. "Kanisa yote inajua. Si tulifunga sababu yake?"

Walifunga kweli. Ngoie alikuja Ubelgiji na digrii ya hesabu kutoka Lubumbashi, akawa mwanamke wa kwanza kukaa katika ofisi ya wanahesabu wa vyombo vya angani. Siku aliyotangaza kanisani kwamba chombo chao kinakwenda Mirihi, waumini walichukulia kwamba naye yumo ndani. Wakaacha kula, wakamlilia Mungu amrudishe salama. Jumapili iliyofuata Ngoie akaingia na kilemba chake cha kijani, na akina mama wakapiga vigelegele. Yeye akacheka tu, akatoa sadaka ya shukrani. Sidonie naye alipiga vigelegele. Aliona haya kuuliza.

Sasa alikuwa amemvuta jikoni Jean-Pierre, mzungu wa makamo aliyefanya kazi na marehemu, amweleze kwa Kifaransa.

"Apande?" Jean-Pierre alishangaa. "Madame, dada yako aliogopa hata ndege. Alipanda moja tu, ile ya kumleta huku, akaapa harudii. Mikutano ya Ujerumani alikwenda kwa treni. Yeye alitafuta njia: chombo kipite wapi, kiwashe injini lini, kisije kikapotea."

Sidonie akakaa juu ya kreti ya Fanta. Mama yao alipozikwa Likasi, kule Katanga walikozaliwa, Ngoie hakwenda. Alisema kazi imembana. Tangu hapo Sidonie alikuwa na donge rohoni, na hata alipomshika mkono pale hospitalini donge lilikuwepo. Kumbe woga. Mtu anatumaje kitu mpaka Mirihi, halafu anaogopa kwenda kumzika mama yake? Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Alijaribu kusamehe, na huko nako akakwama.

"Na hicho chombo kilirudi?"

"Hapana. Hakikutengenezwa kurudi. Bado kinazunguka kule."

Basi ule mfungo ulikwenda wapi? Akina mama walikuwa wameanza kuimba ukumbini, maana yake wanamngoja. Angeweza kusema vile alivyoambiwa na pasta, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini jeneza lilikuwa pale mbele, na Mungu anasikia.

Akasimama. Akasema Likasi, akasema ugonjwa, kisha akafika kwenye kazi.

"Bon, haya. Yaya hakupanda. Alikuwa anaogopa ndege, ndiyo maana hakufika kwa kilio cha mama. Chombo ndicho kilipanda, yeye alikitafutia njia. Tuliomba kirudi naye, na hakirudi. Mimi sielewi, ndugu zangu. Nasema vile nimeambiwa."

Pasta Bertin akajikuna shingo.

"Alors, sasa," akasema Maman Mauwa kutoka nyuma, "zile vigelegele zetu zilikuwa za nani?"

Mmoja akacheka, kisha wengi, na Sidonie akajikuta analia.

"Na hiyo chombo yake," Maman Mauwa akaendelea, "iko wapi saa hii? Tuiombee, maskini, iko peke yake."

Sidonie akamtafsiria Jean-Pierre. Mzungu akatazama saa yake, akatazama dirisha, akafikiri. Kisha akanyoosha kidole chini, sakafuni.

"Dunia inazunguka," alisema. "Saa hii Mirihi iko chini yetu."

Sidonie akawaambia hivyo hivyo. Watu wote wakatazama sakafu. Vichwa vilikuwa vimekwisha kuinama.

"Tuombe," akasema.