Mshale Uliolala Mlimani

Nikisikia harufu ya rangi ikiungua kwenye chuma cha moto, najiona tena ndani ya lori la dizeli la Baba, Eldoret ya enzi za walowezi, nimepakatwa na Mama.

Lori lenyewe lilikuwa la mzungu mwenye shamba. Baba alikuwa dereva tu. Injini moja alishaiunguza kwenye mlima wa Timboroa, na bwana akamwambia waziwazi kwamba akiunguza ya pili, tufungashe virago sote. Nyumba yetu ilikuwa ya shamba. Tangu siku hiyo Mama alipunguza maneno, na Baba akaacha kuimba.

Bwana akaagiza geji ya kupima joto la moshi kutoka Amerika. Fundi Wafula, rafiki mkubwa wa Baba, alitoboa bomba la ekzosi karibu na injini, akachomeka kipimo kilichofanana na msumari mnene, kisha akapitisha nyaya mbili, nyekundu na ya njano, hadi kwenye geji mbele ya usukani. Ile nyekundu aliifunga kwenye chanya ya geji bila kusita. Katika malori yote aliyoyatengeneza, nyekundu ilikuwa chanya.

Safari ya kwanza tulipeleka unga wa wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, Timboroa. Wafula alipanda nasi kutazama kazi yake, na Mama alikuwa akienda kumwona dada yake. Tulipopita Cheptiret na kuanza kupanda, mshale wa geji ulishuka, ukalala kabisa.

"Injini iko baridi kama maji ya mto!" Wafula akafurahi. "Kanyaga, Mzee!"

Baba akakanyaga. Akaimba, masikini, kwa sauti ya kanisani.

Mama aliinua miguu kutoka sakafuni, akaishusha, akaiinua tena. Harufu ya rangi ilikuwa imeanza kuingia.

"Baba Chebet, simamisha. Mtoto anataka kukojoa."

"Sitaki!" nikasema. Akanifinya paja hadi machozi yakanitoka.

Kichakani akaniambia, "Chuchumaa."

"Lakini sina mkojo, Mama."

"Nimesema chuchumaa tu."

Nikachuchumaa kwa hasira. Huku nyuma Baba alishuka kujinyoosha, akapita karibu na ekzosi, akaruka kwa joto lake.

"Wafula! Hebu kuja hapa!"

Kumbe kwenye kipimo cha Wamarekani hao, nyekundu ilikuwa hasi, na mshale ulikuwa ukienda kinyume: joto likipanda, wenyewe unashuka. Wafula alibadilisha nyaya, na mshale ukaruka hadi mwisho wa geji. Tulikaa pale hadi chuma kikapoa.

Injini ilipona, nasi tukabaki na nyumba yetu. Miaka nenda miaka rudi, Baba aliwachekesha wageni kwa kusimulia jinsi kibofu cha Chebet kilivyookoa lori. Nilikasirika kweli, maana sikuwa na mkojo! Kila nilipofungua mdomo kukanusha, Mama alinituma jikoni kuleta chai.

Niliolewa, nikajionea mwenyewe mwanamume anavyoziba masikio akikosolewa na mkewe mbele ya rafiki. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Baada ya kumzika Baba, nilimuuliza Mama kwa nini hakumwambia ukweli, kwamba ni yeye aliyehisi joto miguuni.

"Ningesema mbele ya Wafula, angekanyaga zaidi," akajibu. Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Na baadaye, nikaona hiyo hadithi anaipenda sana."