Mume wa Nyuma ya Mlango

Wifi yangu hakusomea uigizaji. Alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye kituo cha televisheni, na siku moja mwongozaji wa vichekesho alimsikia akimgombeza mumewe kwenye simu, akacheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyozaliwa Mama Kelele, mke anayesimama sebuleni na kuugombeza mlango wa chumbani, huku mume aliye ndani hajibu kitu ila kukohoa. Watazamaji hawakuwahi kumwona. Aliyekohoa alikuwa seremala wa studio, maana nyuma ya mlango ule hapakuwa na chumba, ni mbao na nyaya tu.

Mume mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa kaka yangu. Hakuweza kusema uongo bila kukohoa kwanza, mara mbili kwa haraka na ya tatu ya kuburuta, na wifi akiisikia hiyo ya tatu huanza kucheka kabla uongo haujafika.

Asubuhi moja kaka aliaga anakwenda kazini, hakurudi. Tulizunguka hospitali, tukazunguka vituo vya polisi, hata kiatu chake hatukukiona. Ndugu wakamwambia wifi akubali kuwa ni mjane. Yeye akaenda studio kuugombeza mlango. Wenye midomo yao walisema hana haya. Mimi, niliyekuwa nikimvalisha wigi, niliona alivyomaliza kila ugomvi: kamera zikizimwa, anauwekea mlango kiganja, anakaa hivyo kidogo. Mle ndani mumewe alikuwa hai.

Kisha watazamaji wakapungua. Mtayarishaji akaamua mlango ufunguliwe, mume atoke, akamkodi mchekeshaji mwenye jina, kitambi na mbwembwe zote. Wifi alimwomba aache, akajibiwa kwa tabasamu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, "Akitoka yule, wifi, ndugu yako amekufa." Nilimchukia yule mtayarishaji kwa moyo wangu wote.

Siku ya kurekodi, taa ziliwaka, wifi akaanza kugombeza huku sauti ikimkauka. Mlango ukakohoa. Mara mbili kwa haraka, na ya tatu ya kuburuta.

Nikageuka kumtafuta seremala, na kumbe alikuwa amekaa kando yangu, mdomo wazi. Mchekeshaji naye alikuwa bado kwenye kiti cha vipodozi, anapakwa poda, akiuliza kama zamu yake imefika.

Kitasa kikaanza kuzunguka.

Nilitamani wifi afungue. Nilitamani mpaka nikaogopa. Lakini wifi alijua vizuri kilichokuwa nyuma ya mlango ule: mbao na nyaya. Alikishika kitasa kwa mikono yote miwili, akauvutia mlango kwake.

"Usitoke," alisema, kwa sauti yake ya nyumbani, si ya Mama Kelele. "Kaa humohumo, baba. Mimi nitaendelea kukugombeza."

Studio nzima ikaangua kicheko. Mtayarishaji alicheka mpaka machozi, na mchekeshaji akalipwa akaenda zake. Kipindi kile kilirushwa hivyohivyo, na mlango haujafunguliwa mpaka leo.

Kwenye televisheni ni mimi tu niliyekatwa. Nilikuwa nimeingia mbele ya kamera bila kuitwa na kukishika kitasa pamoja naye. Upande wa pili mtu alikuwa akivuta. Aliposikia maneno yale alivuta kidogo tena, kisha, taratibu, akaachia.